MWANAMKE WA KOLO: Anatekwa, anaolewa, au anashikwa asianguke?

Kuna picha ya mwanamke mmoja ambayo hutaikuta kwenye albamu ya mtu yeyote, wala hakuna studio iliyoisafisha. Imechorwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa jabali huko Kolo, wilayani Kondoa, katikati ya Tanzania. Wamo watu watano, wote warefu na wembamba kupita kiasi, kama vivuli vya saa kumi na mbili jioni. Yule wa katikati anaonekana kuwa mwanamke. Upande mmoja wako wawili wamemshika, na upande wa pili wako wawili wamemshika vilevile. Vichwa vya wale wa upande mmoja ni vya ajabu, vikubwa, kama vile wamevaa vinyago. Hakuna maandishi chini yake, hakuna jina la mchoraji, hakuna tarehe.

Mpenzi msomaji, mwonyeshe mtu picha hii bila kumwambia kitu, atakupa hadithi ndani ya dakika moja. Mwongeze mtu wa pili, utapata hadithi nyingine. Na wakiwa ni wapenzi, basi jiandae kwa ugomvi.

SISI WANNE, KESI MOJA

Tulikwenda wanne: mimi na mume wangu, na rafiki yangu wa siku nyingi pamoja na mchumba wake. Hawa wawili walikuwa wamebakiza miezi miwili kabla ya harusi, na vikao vya kamati vilikuwa vimewachosha kiasi kwamba mtu akisema tu neno "mchango" wanaangaliana vibaya. Nikawaambia twendeni Kondoa, kule mtandao wa simu ni wa kubahatisha, mtapumzika.

Safari yenyewe siku hizi ni laini. Kolo ipo kwenye barabara kuu ya zamani ya Dodoma kwenda Arusha, kilomita zaidi ya 20 kaskazini ya Kondoa mjini. Wazazi wetu walikuwa wakiiogopa njia ile kwa vumbi na makorongo, lakini tangu lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018 unateleza tu. Pale Kolo unalipia, unapewa mwongozaji, kisha unatoka nje ya lami kuelekea mapango ya Mongomi. Sehemu ya mwisho ni ya miguu, na ni mlima kweli kweli. Rafiki yangu alikuwa amevaa viatu vya wazi vyenye shanga. Sitasema zaidi.

Basi bwana, tukafika mbele ya wale watu watano, tunahema. Mume wangu, ambaye kwa kazi yake huona makosa kwanza na mazuri baadaye, akasema hapa kuna kesi ya polisi: huyu mama anatekwa. Mchumba wa rafiki yangu akakataa. "Hapana kaka, angalia vizuri, hawa wa huku ni ndugu zake. Wanamwokoa." Rafiki yangu akacheka, akasema nyie wote mmekosea, hii ni harusi. Akatukumbusha kwamba katika makabila yetu kadhaa binti alikuwa akikamatwa njiani akitoka kisimani au sokoni, anabebwa juu juu huku analia kwa sauti, na mara nyingine familia zote mbili zilikuwa zinajua mpango mzima. "Mara nyingine," nikamkumbusha na mimi, kwa sababu mara nyingine haukuwa mpango wowote, na machozi yalikuwa machozi.

Kimya kidogo. Kisha rafiki yangu akauliza swali ambalo lilinifanya niandike makala hii. "Hivi mbona wote tunaongelea wanaume? Yeye mwenyewe anafanya nini?"

Mwongozaji wetu, kijana wa palepale Kondoa, alikuwa ameegemea jiwe anatabasamu. "Dada yangu, kila kundi linalokuja linagombana hapahapa," alisema. "Watu wakiwa peke yao wanapita haraka. Wakija wawili wawili, tunachelewa."

MWANAMKE ALIYEMPA JINA

Aliyeipa picha hii hadithi iliyosambaa zaidi duniani ni mwanamke pia. Mary Leakey tunamjua kwa mafuvu. Ndiye aliyelikuta fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai mwaka 1959, na timu yake ndiyo iliyofukua nyayo za Laetoli mwishoni mwa miaka ya 1970. Ambacho wengi hatukufundishwa shuleni ni kwamba mwaka 1951, kabla ya umaarufu wote huo, alitumia takriban miezi mitatu Kondoa akinakili michoro ya miambani. Tangu utotoni alikuwa anapenda kuchora, na inasemekana kipindi kile kilikuwa kati ya vile alivyovifurahia zaidi kikazi.

Fikiria kazi yenyewe. Hakukuwa na kamera za kidijitali wala simu. Unaweka karatasi inayopitisha mwanga juu ya mchoro, unafuatisha kila mstari kwa mkono, kisha unarudi kambini kuupunguza na kuupaka rangi upya. Ukutani penyewe picha zimepandana, moja juu ya nyingine, twiga juu ya mtu, mtu juu ya pofu, hujui mguu huu ni wa nani. Alinakili zaidi ya picha 1,600. Kitabu chake, Africa's Vanishing Art, kilitoka mwaka 1983, zaidi ya miaka 30 baadaye, na hata jina lake ni onyo: sanaa inayotoweka.

Kilichompendeza ni kwamba mawe na mifupa, vitu alivyovifukua maisha yake yote, havimwambii mtu alisukaje nywele, alichezaje, au alipiga chombo gani cha muziki. Picha za Kondoa zinasema. Kuna watu wenye vichwa vikubwa vya nywele ambavyo ungedhani wametoka saluni ya Sinza. Kuna wanaopiga vitu kama filimbi. Kuna wanaoinama, wanaokimbia, waliolala. Na kuna hawa watano, ambao yeye aliwaona hivi: wenye vinyago wanamteka mwanamke, wenzao wa upande wa pili wanajaribu kumzuia asichukuliwe. Tangu hapo picha ikaitwa utekaji, na jina likaganda. Ukisoma vitabu vya wageni kuhusu Kolo utakutana nalo.

Kwa maoni yangu ni jina zuri kwa kuuza kitabu. Lina mwanzo, lina mhalifu, lina mashujaa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeitwa kutoa ushahidi.

MAJIRANI WALIKUWEPO

Hapa ndipo hadithi inaponikera kidogo, na naomba uvumilivu wako.

Maofisa wa kikoloni walianza kuandika kuhusu michoro ya Kondoa miaka ya 1920. Miaka ya 1930 akaja Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen. Wakaja akina Leakey. Wote walipima, walinakili, walipanga picha kwa mitindo: huu mwekundu wa zamani, huu wa mistari, huu mweupe wa karibuni. Wakati huohuo, mwendo wa siku chache kwa miguu kuelekea magharibi, kwenye eneo ambalo leo ni wilaya ya Chemba iliyomegwa kutoka Kondoa, walikuwepo Wasandawe.

Kama hujawahi kumsikia Msandawe akiongea lugha yake, tafuta siku moja usikie. Ina vidoko, ile milio ya ulimi kama mtu anayesikitika au anayeita punda, ila kwao ni konsonanti kamili ndani ya neno. Lugha za namna hiyo nyingi ziko kusini mwa Afrika, kwa watu wanaoitwa Wasan. Huku kwetu wanazo Wasandawe, na Wahadza wa Ziwa Eyasi. Wasandawe waliishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali kabla ya kuchukua kilimo na mifugo kutoka kwa majirani.

Miaka ya 1960 mtafiti Eric ten Raa akaenda kukaa nao, akajifunza lugha, akauliza. Na akajibiwa! Katika makala yake ya mwaka 1971 alieleza kwamba kwa Wasandawe kuchora kwenye miamba kulikuwa bado kumbukumbu hai, jambo ambalo wazee walilijua kama kazi ya watu wao. Tena sababu hazikuwa moja. Mtu aliweza kuchora kwa kujifurahisha tu, wakati wa mapumziko ya mawindo. Mwindaji aliweza kumchora mnyama anayemtaka, ili ampate kesho yake. Na kulikuwa na michoro ya ibada, inayohusu sadaka kwa mizimu ya ukoo, watu wakiomba mvua na afya.

Sasa jiulize: kwa nini tulihangaika kwa miaka 40 na "siri" ya michoro, wakati kulikuwa na wazee ambao wangeweza kuulizwa? Simaanishi kwamba mzee wa Kwa Mtoro wa mwaka 1965 angejua kila alichokiwaza mchoraji wa miaka elfu kadhaa iliyopita. Hata mimi sijui bibi yangu aliwaza nini alipopigwa picha ile ya harusi, amenuna, na babu kasimama nyuma kama askari. Ila ningekuwa mgeni ningesema bibi aliozwa kwa nguvu. Mama yangu ndiye aliyeniambia kwamba viatu vilikuwa vinambana.

Kuhusu umri wenyewe, wataalamu bado wanavutana. Mwamba hauna cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1956 Ray Inskeep alichimba kwenye pango la Kisese, ambalo nalo lina michoro, na tabaka za udongo wake zimeonyesha kwamba watu walikuwa wakilitumia zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Mlikuwa na shanga za ganda la yai la mbuni na vipande vya udongo mwekundu wa kupakia rangi. Lakini udongo mwekundu unapakwa mwilini pia, kwenye ngozi, kwenye mishale, kwa hiyo hauthibitishi kwamba ukuta ulichorwa siku hiyohiyo. Zipo picha zinazoaminika kuwa na maelfu ya miaka, na zipo za juzijuzi kihistoria.

MTU AKIPANDWA, UNAMSHIKA

Mwaka 1986 David Lewis-Williams, mtaalamu wa michoro ya Afrika Kusini, aliziangalia upya picha za Kolo. Yeye alikuwa na bahati ambayo Mary Leakey hakuwa nayo: huko kwao, miaka ya 1870, kuna Wasan waliosimulia mambo yao kwa kirefu mjini Cape Town, na maelezo yao yakaandikwa kwa mkono, maelfu ya kurasa. Ndani yake kuna habari za waganga wanaocheza ngoma mpaka fahamu zinabadilika. Mtu anahisi mwili unavutika na kurefuka. Anainama kwa maumivu ya tumbo. Anatoka damu puani. Anajiona mnyama. Lewis-Williams akasema dalili hizohizo zimechorwa ukutani kusini, na anaziona na Kondoa: miili iliyorefuka, watu walioinama, vichwa visivyo vya kawaida.

Najua unachotaka kuuliza, maana hata mimi niliuliza. Kutoka Kondoa hadi milima ya Drakensberg ni zaidi ya kilomita 2,500. Huwezi kuchukua siri za nyumba moja ukafungulia mlango wa nyumba nyingine. Ila yeye alikuwa na daraja la kumvusha, nalo ni Wasandawe wenyewe na ngoma yao iitwayo simbo. Ten Raa alikuwa ameshaieleza. Kwenye simbo watu hucheza, hunywa pombe, na wengine hupandwa mpaka wanakuwa simba. Sio kwamba wanaigiza simba kama kwenye tamthilia. Wanakuwa simba, ili wapambane na wachawi wanaosumbua kijiji.

Sasa rudi kwa wale watano. Ukishahudhuria ngoma yoyote ya kupandwa, iwe Tanga, Kigoma au hata kwenye mkesha wa maombi hapahapa mjini, unajua kinachofuata mtu akianza kuyumba. Watu wanamkimbilia. Wawili huku, wawili huku. Wanamshika mikono asianguke kwenye moto, asijiumize, asijivue nguo. Ukipiga picha wakati huo na ukaiangalia bila sauti, utaapa kwamba mtu anaburutwa. Kwa usomaji huu, wenye vichwa vya ajabu sio majambazi waliovaa vinyago. Nao wanabadilika, kama yeye.

Nilipomweleza mume wangu tafsiri hii, alirudi kwenye picha akaitazama muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: mikono ni ileile, kinachobadilika ni sisi tumeambiwa nini kabla. Mchumba wa rafiki yangu akadai ameshinda, kwa kuwa alisema "wanamwokoa". Rafiki yangu akamwambia apunguze.

Hata hiyo nayo sio hukumu ya mwisho. Wapo wasioipenda nadharia ya kupandwa wakisema imegeuka ufunguo wa kila kufuli, kila mwamba wa Afrika sasa unasomwa vilevile. Mtafiti Imogene Lim, ambaye tasnifu yake kuhusu Usandawe ilikamilika mwaka 1992, aliona tunakosea kuanza na picha. Alitaka tuanze na mahali: kilima gani, ukoo gani, ibada gani hufanyika pale. Yeye aliihusisha michoro na iyari, ibada za Wasandawe zinazofungamana na kuzaliwa kwa mapacha. Ukiwa umesimama pale Mongomi unamwelewa. Jabali limetoka kifuani mwa mlima kama kibaraza, chini yako bonde lote limetandazwa, upepo unapita. Mtu hapandi mpaka kule na rangi yake kwa sababu amekosa ukuta nyumbani.

Na ukidhani michoro yote imeshajulikana, subiri. Mwaka 2018 mtafiti kutoka Poland, Maciej Grzelczyk, alikuta pango kwenye pori la akiba la Swaga Swaga lenye michoro ambayo haikuwa imeandikwa popote na watafiti, nalo linaitwa Amak'hee 4. Taarifa yake ilitoka mwaka 2021. Kuna watu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati. Tena liko upande huohuo wa Wasandawe, na tena maelezo hayakupatikana kirahisi, kwani Wasandawe wa leo hawana simulizi ya mtu kugeuka nyati.

POMBE, MAFUTA NA MVUA

Kuna jambo ambalo vipeperushi vya utalii hulipitia juujuu. Mongomi wa Kolo sio makumbusho. Ni mahali pa kazi.

Juu ya picha nyekundu kuna nyingine nyeupe, nene, zilizopakwa kwa vidole: maumbo, alama, wanyama wasio na madaha. Hizi zinahusishwa na wakulima wanaozungumza lugha za Kibantu, waliofika baadaye. Mimi mwanzoni zilinichukiza, niliona kama mtu ameharibu kazi ya mwenzake. Lakini kwao waliozipaka huenda kupaka juu ya nguvu iliyokwishakuwepo ndiyo ilikuwa maana yenyewe, kama sisi tunavyokwenda kuombea ndoa kanisa lilelile walilofungia ndoa wazazi. Unaziona kwa wingi pia Pahi, ukipata muda wa kufika.

Na ibada hazijaisha. Watu wa Kondoa hupanda Mongomi kuomba mvua na kutibiwa, na waganga wana siku zao. UNESCO ilipoiweka michoro ya Kondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ikiwa ya saba kwa Tanzania, eneo la kilomita za mraba 2,336 lenye mapango yanayokadiriwa kati ya 150 na 450, ilizitaja ibada hizo kama sehemu ya thamani ya mahali hapo. Sasa hapa ndipo penye mgogoro mtamu. Baadhi ya ibada huhusisha kurushia mwamba pombe ya mtama na mafuta ya wanyama. Mtaalamu wa uhifadhi akiona mafuta yanachuruzika juu ya mchoro wa miaka elfu, presha inapanda. Mzee wa ibada naye akiambiwa asiguse ukuta, anashangaa: sasa ukuta ni wa nini?

Mtanzania Emmanuel Bwasiri aliandika tasnifu mwaka 2008 kuhusu suala hilihili la Mongomi, jinsi ya kuutunza urithi ambao bado unaishi. Nampenda kwa sababu anaugeuza mjadala. Sheria zetu za mambo ya kale zilitungwa kulinda vitu, na watu wakabaki kama wavamizi kwenye kitu chao. Miaka ya nyuma baadhi ya mapango yalizungushiwa waya ili kuyalinda. Waya ule ulipata kazi nyingine vijijini, na hilo halinishangazi hata kidogo. Ukinifungia mlango wa nyumba ya ibada bila kuniuliza, na mimi nitakutafutia matumizi ya kufuli lako.

Nikilazimishwa kuchagua, niko upande wa wazee, ila naomba mafuta yarushwe pembeni. Najua hili ni jibu la mtu anayekaa mjini.

Adui wa kweli ni wengine. Kuna wanaoamini kwamba Wajerumani walificha dhahabu kwenye mapango haya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na wamechimba mashimo chini ya michoro usiku wakitafuta. Kila shimo linavuruga tabaka ambazo ndizo zingetusaidia kujua umri. Na kuna sisi, wapenzi, tunaopenda kuandika majina yetu ndani ya kopa popote penye jiwe tupu. Mpenzi, kama unampenda, mwandikie barua.

UKITAKA KWENDA

Anzia ofisi ya Kolo, ndipo unapopata kibali na mwongozaji. Usijifanye unajua njia. Mongomi inatosha kwa nusu siku, na kama mna gari linaloweza njia mbaya ongezeni Fenga, Pahi au Thawi siku ya pili. Kiangazi ni bora, kwani masika njia za kuelekea mapangoni zinaweza kuwa mbaya. Alfajiri au jioni ndipo rangi nyekundu inapoonekana vizuri, mchana jua likiwa kali inafifia mpaka unadhani umedanganywa. Macho yanahitaji dakika kumi hivi kuzoea, baada ya hapo kila ulipoona doa unaanza kuona mguu.

Kuna watu humwagia ukuta maji ili picha zing'ae kwenye kamera. Usifanye hivyo, na ukimwona mtu anafungua chupa mkemee. Usiguse. Ukikuta ibada inaendelea, subiri mbali mpaka mwongozaji aende kuuliza, na ukiambiwa leo haiwezekani, basi haiwezekani, Pahi haijahama.

Malazi ya Kondoa mjini ni ya kawaida, maji ya moto omba mapema. Viatu ni raba, tafadhali. Rafiki yangu alishuka mlima akiwa ameshikwa mkono mmoja na mchumba wake, mwingine na mume wangu, anapiga kelele, na mimi nikawapiga picha kutoka nyuma.